Pesa ziko wapi, hati iko wapi

Mzee aliishika hati yake kwa mikono miwili. Alikuwa ameitia ndani ya mfuko wa nailoni, akauvingirisha mara tatu na kuufunga kwa mpira, na hata baada ya kuketi hakuuweka mezani. Tulikuwa ofisini kwa wakili wake, ghorofa ya pili, barabara ya Nkrumah, Mombasa, madirisha yako wazi na kelele za tuktuk zinapanda kutoka chini. Ilikuwa Machi 2021. Mie na mume wangu tulikuwa tumeshaweka asilimia 10 ya bei ya nyumba yake ya Bamburi. Benki imeshatupa barua ya kukubali mkopo. Kilichosalia ni Mzee aitoe ile hati ipelekwe kwa msajili wa ardhi. Akamtazama wakili wake, kijana wa umri wa mjukuu, akamwuliza:

“Mwanangu, nikishakupa hii, pesa zangu ziko wapi?”

Wakili akaanza kueleza kwa lugha ya vitabuni, Mzee akatikisa kichwa. Mume wangu akanigusa goti chini ya meza. Nikajua anawaza ninalowaza: huyu babu akiinuka na mfuko wake akaondoka, hatutamlaumu.

Tangu tuhamie Bamburi watu hunijia na maswali ya kununua nyumba. Walimu wenzangu hunishika wakati wa chai, kina mama wa kanisani, vijana wanaofanya kazi na mume wangu bandarini. Karibu wote huanza na lile lile: benki gani riba yake ni nafuu? Nami huwarudisha kwa swali la Mzee, kwa kuwa sijasikia swali la maana zaidi katika biashara hii yote. Ukinunua samaki Marikiti, mkono mmoja watoa pesa na mwingine wapokea samaki. Nyumba haiuzwi hivyo. Kati ya siku unayotia sahihi na siku jina lako linapoingia katika daftari la serikali hupita wiki nyingi, na katika wiki hizo pesa zimeshatoka kwa mmoja na hati imeshatoka kwa mwingine, na hakuna aliyekamilika. Kila anayetapeliwa hutapeliwa hapo katikati. Mawakili, benki, wathamini, barua zote zile zenye mihuri, kazi yake ni kulinda hicho kipindi. Kwa hiyo kila hatua jiulize: sasa hivi pesa ziko wapi, hati iko wapi, na nani anawajibika ikiwa kimoja kitapotea?

Sikuzaliwa nikiyajua haya. Niliyalipia.

Mwaka 2019 tulipata nyumba Kisauni. Vyumba vitatu, kisima, mwembe uani. Dalali alikuwa mtu mcheshi aliyejua kila mtaa, na alituhimiza kwa maneno ambayo tangu hapo nimeyasikia mara nyingi: kuna mnunuzi mwingine, anatoka Nairobi, anakuja Jumamosi. Tukatoa arubuni ya shilingi 250,000 “kufunga” nyumba. Dalali akatuletea na wakili, akasema tusihangaike, wakili mmoja atatosha pande zote mbili na tutaokoa gharama. Tukaandikiana mkataba wa kurasa mbili. Aliyeuza alikuwa kijana mtaratibu, ana nakala ya hati, anaishi mle ndani. Nani angemshuku?

Jina kwenye hati lilikuwa la baba yake, na baba yake alifariki miaka sita nyuma. Watoto walikuwa watano, wawili wako Ughaibuni, na mjane yuko hai. Sheria ya urithi ya Kenya iko wazi: ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi na uteuzi huo uthibitishwe. Kwa familia za Kiislamu jambo hilo laweza kwenda kwa Kadhi, lakini kwenda mahakamani ni lazima. Yule kijana hakuwa na karatasi yoyote ya mahakama. Dada yake aliposikia alikuja mbio, akasimama mlangoni na kutuambia, bila kutukana, kwamba hatutaiingia nyumba ya mama yao. Na alikuwa na haki.

Katika zile 250,000 tulirudishiwa 90,000, kwa mafungu, kwa muda wa mwaka mzima. Nilipokwenda kwa yule wakili kumwuliza kwa nini hakutuambia, alinijibu kwamba hakuna aliyemtuma kuangalia. Siku nyingi neno hilo liliniuma. Sasa naliona kuwa ndilo funzo lenyewe: wakili hufanya alilotumwa, na anayemtuma ni yule anayejua cha kumwagiza. Sisi hatukumwagiza kitu. Hata ada yake alilipwa na dalali.

Basi swali la wakili mmoja kwa watu wawili, jibu langu ni hapana, hata kama muuzaji ni ndugu yako wa damu. Siku mambo yakiharibika, wakili huyo ataegemea upande gani? Na kabla ya kumlipa yeyote, ingia kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili wa Kenya, tafuta jina lake, uone kama ana leseni ya mwaka huu. Leseni hiyo huchukuliwa upya kila mwaka. Ni kazi ya dakika mbili.

Kisha sachi. Ndivyo tunavyoita, na wanaopenda Kiswahili sanifu husema upekuzi. Ni ombi kwa ofisi ya ardhi likuambie daftari linasema nini kuhusu kiwanja fulani, na ada yake haifiki hata shilingi 2,000. Majibu huja katika karatasi yenye sehemu tatu. Sehemu A yaeleza ardhi yenyewe: namba, ukubwa, kama ni ya milki ya kudumu au ya kukodishwa na serikali kwa miaka kadhaa. Sehemu B ni jina la mwenyewe. Sehemu C ni mizigo: kama iko rehani benki, kama kuna mtu ameweka zuio, kama kuna amri ya mahakama. Watu hukimbilia B, wakaona jina linafanana na la kitambulisho, wakafurahi. Mie huanza na C. Na sachi hufanywa zaidi ya mara moja: kabla ya arubuni, na tena siku chache kabla ya kusajili, maana zuio laweza kuwekwa leo jioni. Mfumo wa Ardhisasa, wa kufanya shughuli za ardhi mtandaoni, ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi. Sisi mwaka ule bado tulipanga foleni na karatasi mkononi. Karani mmoja mzee wa wakili wetu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniambia nikiwa kwenye foleni: “Mwalimu, mali bila daftari huisha bila habari.” Nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, na siku hiyo nikaielewa.

Lakini daftari pekee halitoshi hapa kwetu. Karatasi yaweza kuwa safi na kiwanja kikawa kingine. Mlete mpima ardhi akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, ziko wapi, na usikubali kuonyeshwa na dalali kwa kidole. Zungumza na majirani. Uliza kama hapo ni wakfu, kwa sababu Mombasa ardhi ya wakfu ni nyingi, na kilichowekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi.

Na kuna jambo letu la Mwambao ambalo wanunuzi kutoka bara hushindwa kuliamini mpaka waone. Kabla ya Bamburi tulipanga Majengo miaka kumi na mmoja, katika nyumba ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, kwa Bi Mkubwa aliyetuchukulia kama wanawe. Siku moja alinikalisha barazani akaniambia anataka kutuuzia nyumba ile, kwa bei ya huruma. Nikafurahi, nikamwuliza hati iko wapi. Akanitazama kwa mshangao. “Mwanangu, nyumba ndiyo yangu. Ardhi si yangu.”

Kila mwezi Bi Mkubwa alimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, kama mamake alivyolipa kabla yake. Kuta, bati, milango, vyote vyake, na karatasi za kuuziana nyumba alikuwa nazo. Ile mita chache ya udongo chini ilikuwa ya familia nyingine kabisa. Mombasa mitaa mizima imejengwa hivyo. Mwanzo wake ni wa zamani, tangu enzi za Sultani wa Zanzibar katika ukanda huu wa pwani wa maili kumi, kisha serikali ya kikoloni ikaleta sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, wenye uwezo wa kudai wakadai, na waliobaki wakawa wajenzi juu ya ardhi ya wenzao. Sitaki kumdharau anayemiliki nyumba ya namna hiyo. Ni mali yake halali na watoto wamesomeshwa kwa kodi zake. Lakini benki haitakopesha hata shilingi juu yake, kwa kuwa rehani hushikiliwa kwa ardhi, na ardhi hiyo si yako kuiweka. Ukiinunua, jua unanunua kwa pesa taslimu, na mwenye ardhi yaweza kuwa siku moja aitake ardhi yake. Bi Mkubwa alikufa akiimiliki nyumba. Wanawe bado wanalipa kodi ya kiwanja.

Nirudi kwa Mzee na mfuko wake.

Ukinunua kwa mkopo, mawakili huwa watatu. Kuna wako, kuna wa muuzaji, na kuna wa benki. Huyo wa tatu ndiye anayewachanganya watu wengi, kwa sababu unamlipa wewe. Benki humchagua kutoka orodha yake, humtuma yeye kuandika waraka wa rehani, kisha bili inakuja kwako. Mwalimu mwenzangu mmoja hakuajiri wakili wake mwenyewe kwa kuona kwamba anamlipa huyu, inatosha. Haitoshi. Wakili wa benki anaangalia kama benki itapata pesa zake ukishindwa kulipa. Kama choo kimejengwa kwenye kiwanja cha jirani, au muuzaji ameahidi kuacha tangi la maji na halimo katika mkataba, hilo si lake. Na kwa ardhi, ahadi ya mdomo haina mahali pa kusimama: sheria yetu ya mikataba yataka maandishi, sahihi na shahidi.

Benki nayo haitoi pesa mpaka jina lako liwe limeingia katika daftari na rehani yake iwe imeandikwa chini ya jina lako. Muuzaji naye hataki kutoa hati mpaka aone pesa. Kila mmoja ana haki ya kuogopa. Kinachofungua fundo hili ni karatasi moja ambayo watu wengi hawaijui, nayo ni ahadi ya kitaalamu ya wakili. Wakili wa benki humwandikia wakili wa muuzaji: nipe hati na hati za uhamisho, na mara usajili ukikamilika, ndani ya siku 14 au zozote mlizokubaliana, nitakulipa kiasi hiki. Barua hiyo humfunga wakili mwenyewe. Asipolipa, Mahakama Kuu yaweza kumlazimisha yeye binafsi, na jina lake katika kazi linaharibika.

Yule wakili kijana alishindwa kumweleza Mzee hivyo. Aliyemweleza ni karani wetu wa miwani ya uzi. Alivuta kiti akakaa karibu naye, akaitoa ile barua, akaweka kidole chini ya sahihi. “Mzee, huyu ametia ahadi. Huyu mwalimu akifa kesho, huyu analipa. Benki ikikataa, huyu analipa. Hati yako haiendi kwa mwalimu, inakwenda kwa mtu huyu, na huyu hawezi kukimbia, ofisi yake ni pale ng’ambo.” Akamwonyesha jengo kupitia dirishani. Mzee aliitazama ile barua muda mrefu, ingawa sina hakika kama macho yake yaliweza kuisoma. Kisha akaanza kuutoa mpira kwenye mfuko.

Ilichukua siku 83 tangu kutia sahihi mkataba hadi usajili. Mikataba mingi hapa hupewa siku 90, na zote huliwa: mthamini wa benki aje, mthamini wa serikali naye aje kukadiria thamani ya ushuru wa stempu, kaunti itoe cheti cha kutodaiwa kodi, waraka wa rehani uandikwe, utiwe sahihi, ulipiwe, usajiliwe. Kama ardhi ni ya kilimo, ongeza ridhaa ya bodi ya ardhi. Kama ni ya kukodishwa, ongeza ridhaa ya serikali. Siku kumi baada ya usajili Mzee alinipigia simu saa moja asubuhi. Alisema neno moja, “Zimeingia,” akakata.

Sasa pesa, kwa kuwa najua ndizo mlizozingojea. Bei ilikuwa shilingi milioni 6. Tulitoa milioni 1.2, akiba yetu ya SACCO ya miaka tisa, na benki ikatoa 4,800,000. Wengi hukomea hapo katika hesabu zao, na hapo ndipo mtu hujikuta amekwama katikati ya safari. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4, kwa hiyo 240,000 zilikwenda. Mashambani ni asilimia 2. Rehani nayo ina ushuru wake mdogo, asilimia 0.1 ya mkopo, ambayo kwetu ilikuwa 4,800. Halafu wakili wetu, wakili wa benki, na VAT ya asilimia 16 juu ya ada za wote wawili, mthamini, ada ya benki ya kushughulikia mkopo, bima ya maisha, bima ya moto. Jumla yake ilikaribia 550,000, na karibu yote yalitakiwa kabla ya ufunguo. Ada za wakili, msishindane nazo sana. Ziko katika kanuni za malipo ya mawakili, kuna kiwango cha chini, na anayekuahidi kushuka chini yake anavunja kanuni kabla hata hajaanza kukulinda.

Kuna ujanja utakaoletewa, na nataka niuseme kwa uzito: kuandika bei ndogo katika mkataba ili ushuru upungue. Muuzaji naye ataupenda, kwa sababu kodi ya faida ya mauzo, ambayo ni juu yake, ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 Januari 2023. Ukiachilia mbali kwamba ni kosa, na kwamba mthamini wa serikali ana makadirio yake, fikiria biashara ikivunjika. Mahakamani utadai kile kilichoandikwa. Kama ulimpa milioni mbili chini ya meza, zitakuwa hazikuwahi kuwepo.

Kuhusu riba, kaeni chini na kikokotoo. Mkopo wetu ulianza kwa asilimia 13 kwa miaka 15, malipo ya mwezi 60,731. Mwezi wa kwanza, 52,000 zilikwenda kwa riba na 8,731 pekee zikapunguza deni. Kwa riba hiyo hiyo tungechagua miaka 20, malipo yangeshuka kwa takriban 4,500 kwa mwezi, kiasi kinachovutia sana ukiwa umekaa mbele ya afisa wa mikopo. Lakini mwisho wa safari tungelipa zaidi ya milioni 2.5 juu. Kisha riba yenyewe haikai mahali. Februari 2024 Benki Kuu ilifikisha kiwango chake cha msingi cha riba asilimia 13, na benki yetu ikatuandikia kuwa mkopo umepanda hadi 16. Wakati ule tulikuwa tumelipa miaka mitatu, zaidi ya milioni 2.18, na deni lilikuwa limepungua kwa 382,000 tu. Malipo yakaruka yakakaribia 69,200. Nilikaa jikoni na barua ile mpaka ugali ukaungua. Kwa hiyo ukiambiwa riba, uliza mambo mawili: inabadilika kwa kigezo gani, na nikileta pesa za ziada kupunguza deni nitatozwa nini? Swali la pili ndilo lililotuokoa, maana mkopo wetu hauna faini hiyo, na kila bonasi ya mume wangu sasa inakwenda huko. Dai pia nafuu ya kodi kwa riba ya nyumba unayoishi. Ilikuwa hadi 300,000 kwa mwaka, na tangu mwisho wa 2024 ni hadi 360,000. Waajiri wengi hawakukumbushi.

Jirani zangu Waislamu huniuliza kuhusu kukwepa riba. Mie Mkristo wa Rabai, si mwenye kutoa fatwa, lakini nimekaa na shoga yangu aliyepitia njia hiyo, kwani Kenya ina benki za Kiislamu tangu 2008 hivi. Kwake yeye benki na mnunuzi walishirikiana kununua, akawa analipa kodi ya fungu la benki huku akilinunua fungu hilo kidogo kidogo mpaka likaisha. Kuna na njia ya benki kununua kisha kumwuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu mwanzo. Ubora niliouona ni kwamba katika hii ya pili bei haipandi katikati. Lakini wakili bado ni lazima, sachi bado ni lazima, na ukishindwa kulipa nyumba bado yaweza kupotea.

Kwa wenye mapato ya kawaida, ulizieni SACCO na benki zinazopata fedha kutoka KMRC (Kenya Mortgage Refinance Company), kampuni iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020. Yenyewe haikopeshi mwananchi. Huwakopesha wakopeshaji kwa bei nafuu ili nao wateremshe riba chini ya asilimia 10. Nchi hii ya watu zaidi ya milioni 47 ina mikopo ya nyumba takriban elfu thelathini tu. Nikiifikiria hesabu hiyo naona uchungu, kwa sababu najua ni walimu wangapi wanaolipa kodi ya pango inayokaribia malipo ya mkopo, miaka ishirini, bila kuachiwa hata tofali.

Jambo jingine ni jina. Mkiwa wawili, mwambieni wakili aandike mnamiliki kwa namna gani. Mkimiliki kwa pamoja bila mafungu, mmoja akifa mwenzake huchukua yote moja kwa moja. Mkimiliki kwa mafungu, fungu la marehemu huenda kwa warithi wake. Kwa familia inayogawa mirathi kwa sharia tofauti hiyo ni kubwa mno kuachiwa karani achague. Na nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mume au mke. Mke wa Mzee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na wakili wetu alidai kuona cheti cha kifo. Nilidhani anamdhalilisha mtu mzima. Kumbe alikuwa ananilinda mie.

Na mkishindwa kulipa? Hapa watu hujificha, huzima simu, na hapo ndipo huangamia. Sheria ya Ardhi ya 2012 yataka benki ikupe kwanza notisi ya miezi mitatu urekebishe, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, kisha dalali wa mnada naye ana notisi yake ya siku 45. Mwenzi wako pia lazima ajulishwe. Benki haiwezi kuitupa nyumba kwa bei ya bure: ikiuzwa chini ya asilimia 75 ya thamani ya soko, sheria huanza kwa kudhani benki haikutimiza wajibu wake. Hizo ni siku nyingi za kwenda kuzungumza, kuomba muda urefushwe, au kuuza mwenyewe kwa bei ya heshima. Dada mmoja wa jumuiya yetu aliuza mwenyewe ndani ya ile miezi mitatu, akabaki na kitu cha kuanzia. Jirani yake alingojea mpaka kipaza sauti kilipofika getini.

Juzi mpwa wangu alikuja nyumbani na bahasha. Amepata ploti Utange, amekusanya 200,000, dalali anataka arubuni kabla ya Ijumaa. Nilimwomba tufanye sachi kwanza, akakubali kwa shingo upande. Karatasi ikatoka: sehemu A sawa, sehemu B jina ni la muuzaji, sehemu C kuna zuio lililowekwa na mtu anayedai ana maslahi katika ardhi. Akampigia dalali pale pale mezani pangu, kwa sauti ya juu ili nami nisikie. Dalali akasema hilo ni jambo dogo la kifamilia, litaondolewa, lakini asichelewe, kuna mtu mwingine anakuja na pesa kesho asubuhi.

Mpwa wangu akaiweka simu chini, akanitazama. Ile bahasha bado ilikuwa mkononi mwake.

“Mwache huyo anunue,” nikamwambia, nikamsogezea chai.